Nauli ya Kutoka Glasgow: Barua kwa Ndugu Yangu Hamisi

Tanga

Mpendwa ndugu yangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta u buheri wa afya, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Uliniandikia kwa uchungu juu ya timu yetu kutolewa kwa penalti, ukasema kwamba zamani kombe la mtoano lilikuwa la haki, kwa kuwa mshindi alishinda uwanjani na aliyefungwa akarudi kwao. Nimeona nikujibu kwa kirefu, kwa sababu ukiutazama msimu wa kwanza kabisa wa Kombe la FA la Uingereza, ule wa 1871 hadi 1872, ambao makombe mengine mengi yaliuiga, pamoja na hili letu ambalo watu wameshindwa kuacha kuliita kwa jina hilo hilo, utakuta kwamba nauli ya treni ilikuwa na sauti kubwa kuliko magoli.

Wazo lilikuwa la Charles Alcock, katibu wa chama cha soka cha Uingereza. Alikuwa amesoma Harrow, shule ambayo mabweni yake yalishindana kwa mtoano, na tarehe 20 Julai 1871, katika ofisi za gazeti la The Sportsman mjini London, alipendekeza kwamba vilabu vya chama navyo vishindanie kombe kwa mtindo huo. Kombe lenyewe, dogo tu la fedha, liligharimu pauni 20. Vilabu vilivyojiandikisha vilikuwa 15, vingi vya London na miji ya jirani, na kutoka mbali walikuwepo wawili tu: shule ya Donington ya Lincolnshire, na Queen's Park ya Glasgow, Uskoti, klabu isiyokuwa na fedha ambayo hata hivyo ilichanga gini moja, yaani pauni moja na shilingi moja, ya kununulia kombe.

Mechi za kwanza zilichezwa tarehe 11 Novemba 1871. Clapham Rovers waliifunga Upton Park 3-0, na goli la kwanza katika historia ya kombe hilo huhesabiwa kuwa la mchezaji wao, Jarvis Kenrick. Barnes na Maidenhead nao walishinda, kila mmoja kwa mabao 2-0. Lakini Crystal Palace na Hitchin walitoka sare bila kufungana, na kanuni za wakati ule ziliiruhusu kamati kuzipitisha timu zote mbili, basi zote mbili zikapita! Wanderers, klabu ya Alcock mwenyewe, walipata ushindi wa mezani baada ya Harrow Chequers kujitoa. Royal Engineers, ambao ni maofisa wahandisi wa jeshi, wakapata vivyo hivyo dhidi ya Reigate Priory. Queen's Park na Donington walishindwa hata kukubaliana wachezee wapi, nao wakapitishwa wote wawili. Raundi ya pili wakapangwa pamoja tena, na safari hii wale wa shule wakajitoa kwa kuogopa gharama za safari.

Hapo ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, maana kisa cha Queen's Park ndicho kinachonifanya nikatae maneno yako. Raundi ya tatu timu zilizosalia zilikuwa tano, Queen's Park wakapewa nafasi ya kupita bila kucheza, na kwa njia hiyo wakajikuta katika nusu fainali bila kugusa mpira hata mara moja. Nusu fainali na fainali zote zilipangwa kuchezwa Kennington Oval, uwanja wa kriketi wa London. Michango ikakusanywa, wachezaji wakasafiri zaidi ya kilomita 600, na tarehe 4 Machi 1872 wakapambana na Wanderers, timu ya vijana waliotoka katika shule za wenye nacho. Mchezo ukaisha 0-0. Mikwaju ya penalti ya kuamua mshindi isingekuwepo kwa miaka mingine karibu 100, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa marudiano, na marudiano yangechezwa London. Fedha za kubaki mjini au za kurudi tena hazikuwepo. Queen's Park wakajitoa, wakarudi kwao bila kufungwa goli hata moja katika mashindano yale, na Wanderers wakaingia fainali.

Sasa wahesabu mabingwa wenyewe. Wanderers walipita raundi ya kwanza mezani, wakaifunga Clapham Rovers 1-0, wakatoka sare na Crystal Palace na wote wawili wakapitishwa, wakatoka sare na Queen's Park na mwenzao akaishiwa nauli, kisha wakashinda fainali 1-0. Ni ushindi wa uwanjani mara mbili na magoli mawili ya kutwaa kombe la taifa. Na nahodha wao ndiye aliyelianzisha kombe hilo, naye bado ni katibu wa chama. Mambo hayo yangetokea kwetu leo, mimi na wewe tungekesha barazani tukiyajadili.

Fainali yenyewe ilifanyika tarehe 16 Machi 1872 mbele ya watazamaji wapatao 2,000, waliolipa kiingilio cha shilingi moja. Wengi waliwapa Royal Engineers nafasi kubwa, kwa kuwa walicheza kwa kushirikiana na kupasiana, wakati ambapo wengi waliamini kazi ya mshambuliaji ni kukokota mpira peke yake mpaka anyang'anywe. Lakini mapema tu Luteni Edmund Creswell alivunjika mtulinga, na kwa kuwa wachezaji wa akiba hawakuwepo, aliendelea kusimama uwanjani na maumivu yake mpaka mwisho. Goli lilifungwa na Morton Peto Betts, aliyeandikishwa siku hiyo kwa jina la bandia la A. H. Chequer, jina linalokumbusha Harrow Chequers, wale wale waliowaachia Wanderers njia katika raundi ya kwanza. Mshindi wa kombe, basi, alifungiwa goli na mtu ambaye kwenye orodha hakuwa na jina lake.

Msimu uliofuata haukuwa tofauti sana. Wanderers, kwa kuwa ndio waliokuwa na kombe, waliingia moja kwa moja fainali na wakapewa haki ya kuchagua uwanja, wakaifunga Oxford University 2-0 hapo Lillie Bridge mwaka 1873. Na Oxford walifikaje fainali? Walipangwa na Queen's Park katika nusu fainali, na Queen's Park wakajitoa tena, kwa sababu London ilikuwa bado mbali vile vile. Ninaposoma habari hizi siwaonei huruma Wahandisi hata kidogo. Hao walifungwa uwanjani. Ninaowaonea huruma ni hawa wa Glasgow.

Mwezi ule ule wa Machi 1873 vilabu vya Uskoti vilianzisha chama chao na kombe lao, ambalo mechi zake zilichezwa jirani na nyumbani. Vilabu 16 vilijiandikisha kwa msimu wa kwanza, na Queen's Park wakalitwaa mwaka 1874, wakalitwaa tena 1875, na tena 1876.

Nisalimie shemeji, na uniandikie kama bado unaona penalti ni dhuluma.

Wasalaam,
Ndugu yako,
Salehe