Hospitali za kutoka Ilula hadi Tunduma zifanye kazi kama moja usiku wa ajali

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Makambako. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa moyoni kwa miaka mingi.

Jioni moja nikiwa zamu katika hospitali iliyo kando ya barabara kuu, waliletwa majeruhi wa basi zaidi ya ishirini. Walikuja na kila gari lililosimama kuwasaidia: Noah, pikapu ya mbao, lori la viazi. Tulikuwa wauguzi wanne na daktari mmoja, na kwenye friji palikuwa na chupa tatu za damu. Kulikuwa na kijana aliyevunjika paja. Mguu ulizidi kuvimba huku midomo ikipauka. Daktari akaniambia, "Sista, piga simu, uliza nani ana damu na mtu wa usingizi." Nyuma ya mlango wa wodi tulibandika karatasi ya namba za hospitali jirani, nusu yake wino umefifia. Namba ya kwanza haikupatikana. Ya pili ilipokelewa na mama mmoja, akaniuliza kwa upole namtafuta nani. Nilipomtajia jina la daktari alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, baba tulishamzika mwaka jana."

Nikampa pole, nikaenda namba ya tatu. Mwishowe kijana tulimpakia kwenye gari la wagonjwa, akapelekwa mbali. Njiani gari liliipita hospitali nyingine ambayo usiku ule ilikuwa na damu na mtaalamu wa usingizi yuko zamu, hana mgonjwa. Tulikuja kulijua hilo baada ya siku tatu. Kijana hakufika akiwa hai.

Simlaumu mtu. Wote niliokuwa nao usiku ule walijituma mpaka asubuhi. Kilichokosekana ni makubaliano kati ya hospitali na hospitali, na ninavyosikia kwa wadogo zangu walioko kazini, bado yanakosekana.

Tazama barabara yenyewe. Kuanzia mlima Kitonga hadi Tunduma inapita mikoa minne: Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe. Kando yake au ndani kidogo kuna Ilula, Tosamaganga, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Iringa, Mafinga, Ilembula, Chimala, hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya, Ifisi kule Mbalizi, na ya mkoa wa Songwe. Nyingine ni za serikali, nyingine za kanisa. Kwenye ramani zimepangana vizuri kabisa. Lakini gari la wagonjwa ni la halmashauri, mafuta yake ni ya bajeti ya halmashauri, na likitakiwa kuvuka mkoa usiku, kwanza atafutwe mkubwa wa kuruhusu.

Najua kamati za maafa zipo, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeziweka kuanzia taifa hadi kijiji. Ila kamati ya mkoa macho yake yanaishia mpakani. Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, kontena liliangukia basi na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Basi lilikuwa limetoka Mbeya. Msiba ulikuwa wa mikoa miwili siku hiyohiyo.

Linalonitia hofu zaidi ni moto. Agosti 2019 lori la mafuta lilipolipuka Morogoro, walikufa watu zaidi ya 100, na wengi wa walioungua walikimbizwa Muhimbili. Malori kama lile yanapita hapa Makambako mchana na usiku, yanaelekea Zambia na Kongo. Likipinduka moja mteremko wa Mbalizi, Muhimbili iko zaidi ya kilometa 800. Nani kati yetu ana vitanda vya walioungua, na vingapi? Swali hilo lijibiwe leo, watu wakiwa wametulia. Na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, ajali inaweza kuikuta wodi saa ambayo ina watu wachache kuliko saa zote.

Mfano tunao hapahapa nchini. Mfumo wa m-mama ulianzia Kanda ya Ziwa, na tangu 2022 ukasambazwa mikoani. Mjamzito akipata dharura, mtu anapiga 115 bila malipo, kituo kinatafuta gari, na kama gari la wagonjwa liko mbali anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Kwa nini majeruhi wa ajali naye asitafutiwe njia namna hiyo? Liwepo dawati moja la kanda, hata likikaa Mbeya, lenye mtu usiku na mchana, ambalo kila jioni linapokea taarifa za hospitali zote: mtu wa usingizi yupo? Oksijeni iko kiasi gani? Damu ya makundi gani? Habari ya damu naisisitiza, maana hata kwenye friji haikai zaidi ya wiki sita. Hospitali ndogo ikijilimbikizia, itamwaga. Njia ni kujua ya jirani na kuazimana.

Fedha nazo zisemwe wazi. Majeruhi anafika bila pochi, bila simu, mara nyingine bila hata kiatu. Hospitali ya kanisa ikipokea ishirini wa aina hiyo, dripu, nyuzi na dawa za ganzi za mwezi mzima zinaisha usiku mmoja. Nimemwona mganga mkuu akihesabu maboksi matupu asubuhi yake. Isipoandikwa mapema nani atazirudisha, na kwa siku ngapi, makubaliano mengine yote yatabaki kwenye faili.

Baada ya hapo yaje mazoezi ya pamoja, yafanyike usiku, na kadi nyekundu, njano na kijani za kupanga majeruhi ziwe na maana moja kutoka Ilula hadi Tunduma.

Nawaomba waganga wakuu wa mikoa hii minne wawaite viongozi wa hospitali hizo wakutane. Makambako ni katikati, wa Iringa na wa Mbeya wote wanafika na kurudi siku hiyohiyo. Kila mmoja aje na karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa wodi yake ya dharura, isomwe namba kwa namba, na kila namba ipigwe palepale.

Muuguzi mstaafu,
Makambako