Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nianze na kosa letu, maana mahesabu ya fedha Mhazini atayasoma mwenyewe. Kwa misimu kadhaa tumechimba udongo wa msituni na wa shambani kwa kina kimoja, sentimita 30, kisha tukalinganisha kaboni iliyomo, tujue msitu ukigeuzwa shamba hupotea kiasi gani. Tulisahau kwamba msitu ukishafyekwa, matrekta, kwato na mvua hushindilia ardhi. Sentimita 30 za shamba hubeba udongo mwingi kuliko zile za msitu, hivyo kaboni ikaonekana haijapungua sana. Kumbe ilikwisha kwenda zake. Kamati imeamua tulinganishe uzito ulio sawa wa udongo, si kina. Takwimu za zamani zinakokotolewa upya, na najua wapo watakaonuna zikitoka.

Jambo hili si dogo. Udongo wa dunia, hadi mita moja kwenda chini, una takriban tani bilioni 1,500 za kaboni, nyingi kuliko iliyomo angani. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2011 ulionyesha kuwa msitu wa asili wa tropiki ukigeuzwa shamba la mazao ya msimu, kaboni ya udongo hupungua kwa wastani wa asilimia 25. Ukigeuzwa malisho, 12. Ukipandwa mazao ya kudumu, kama kahawa, 30. Hiyo ya mwisho hubishiwa kila mkutano. Miti si ipo? Ipo, lakini majani na mizizi inayorudi ardhini si ile ya msitu.

Gesi nyingine zinazopasha dunia joto, mbali na kaboni dayoksaidi, tumezipuuza mno. Udongo mkavu wa msitu hufyonza methani; ukishindiliwa, uwezo huo hufifia. Mbolea ya nitrojeni nayo huwapa vijidudu malighafi ya kutengeneza gesi ya nitrasi oksaidi, ambayo kilo yake moja hupasha joto kama kilo 273 za kaboni dayoksaidi kwa miaka 100.

Kuhusu ardhioevu za mboji, yaani zenye mabaki ya mimea yaliyorundikana majini bila kuoza yote, kama zile za bonde la Kongo zenye takriban tani bilioni 30 za kaboni, hatuna tulichopima mwaka huu. Zikichimbwa mitaro maji yakashuka, mboji huoza na kushika moto, kama ilivyotokea Kalimantan, Indonesia.

Ombi langu ni moja. Mwenye madaftari ya zamani yaliyoandikwa uzito na ujazo wa sampuli ayafikishe kwa Katibu kabla ya msimu wa kuchimba. Yenye asilimia ya kaboni peke yake, sampuli zake itabidi tukazichukue upya.