Harambee ya ua wa mizinga ya nyuki wa kuzuia ndovu shuleni: watoto wameanza, sisi tumalizie

Hamjambo wazazi, walimu, wazee wetu, na nyinyi mliosoma hapa mkatawanyika Mombasa, Nairobi na wale mko Gulf mnaoulizaga kila siku nyumbani kuna nini. Kuna ndovu, ndio habari. Mimi ni katibu wa kamati ya wazazi na leo nitaandika venye naongea, juu ile barua ya mhuri tuliwatumia na watu wawili tu ndio walijibu, mmoja akiuliza ni nani huyu.

Shule mnaijua ilivyo, chini ya mlima Sagalla, ukisimama kwa geti unaangalia nyika ya mbuga ya Tsavo East moja kwa moja. Kiangazi kilichopita ndovu walikuja usiku mara tatu ndani ya wiki moja, tangi la lita 5,000 wakalipasua kama dafu, bomba wakang'oa, mahindi ya shamba la shule ile ya uji wa watoto wa chekechea ikaenda yote, asubuhi tukakuta matope na nyayo kubwa kama sinia. Watoto wa kutoka mbali hawakuja siku mbili, na mzazi gani angewalazimisha, njia ndio hiyo hiyo ya ndovu. Na ndovu naye tumwelewe, mkubwa mmoja anakunywa lita 100 mpaka 200 kwa siku, na ule ukame wa 2022 serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa Kenya kati ya Februari na Oktoba. Ananusa maji anafuata, wewe ungefanya nini.

Sasa hapa ndio watoto wanaingia. Klabu ya mazingira, wengi ni wa gredi ya sita, hawakungoja kamati (kamati tulikuwa bado tunatafuta siku ya kukutana, nakubali). Walianza na vipande vya mabati na vizibo vya soda wakavifunga kwa kamba, upepo ukivuma inalia kengere kengere. Ilisaidia kidogo halafu ndovu wakazoea. Wakaja na pilipili, wanasaga kavu, wanachanganya na oili chafu ya gari tunayopewa bure na mafundi wa Voi, wanapaka matambara na kuyatundika kwa kamba. Hiyo ilifanya kazi vizuri isipokuwa mvua ikinyesha inabidi upake upya, na kuna kijana mmoja alijifuta macho na mkono wa pilipili, alilia mpaka akaoshwa uso na maziwa. Sai wanavaa karatasi za nailoni mikononi.

Walipokata tamaa mwalimu wao aliwaeleza habari ya Richard Turere, yule kijana Mmaasai wa karibu na Nairobi National Park aliyetengeneza taa za kufukuza simba akiwa na miaka 11. Yeye naye alianza na moto ikakataa, akaweka sanamu ya kutisha, simba siku ya pili wakaizoea, mpaka siku aliyozunguka boma na tochi akaona simba wanaogopa mwanga unaotembea. Basi watoto wakaanza kuuliza, ndovu yeye anaogopa nini? Jibu lilikuwa jirani kabisa, juu ua wa mizinga ya nyuki umejaribiwa huku huku Sagalla na mtafiti wa ndovu Dkt. Lucy King na wakulima wetu, wengine wenu mmeuona kwa shamba za wajomba zenu. Kila mita 10 kuna mzinga au mzinga wa uongo (unafanana tu na mzinga, nyuki hamna), zote zimeshikwa na waya mmoja, ndovu akisukuma waya kila kitu kinabembea, nyuki wanatoka wamekasirika, yeye anapiga kelele anarudi.

Cha watoto wetu wenyewe ni ile mizinga ya uongo. Badala ya kununua plaiwudi wamekata ile mitungi ya njano ya mafuta ya kupikia, wakainyoosha kwa moto wa makaa, wakatoboa matundu kwa msumari. Nimeishika moja, ni imara, na bado imeandikwa jina la mwenye mtungi na kalamu, sijui kama mama alijua. Wameshatengeneza 8. Mizinga ya kweli tuko nayo 2, mmoja umeingia nyuki.

Mimi nilipinga, niseme ukweli. Nyuki na shule? Tukabishana mkutano mzima, tukakubaliana mizinga ikae nyuma kabisa ya shamba upande wa nyika, na karibu na madarasa ibaki kamba ya pilipili. Watoto hawafungui mzinga, hiyo ni kazi ya mfugaji mzee wetu mmoja aliyejitolea.

Kinachotakikana: mizinga 6 kwa 5,500 ni 33,000. Waya, nguzo na vijipaa vya kivuli 24,000. Nguo za nyuki seti 2, 9,000. Fundi na usafiri 6,000. Jumla Sh 72,000, tunafunga kama mita 160. Mkononi tuna 23,400, nyingi ni ya mayai na mahindi waliyoleta wazazi wa hapa tukapiga mnada, kwa hivyo inabaki 48,600. Tangi jipya ni hesabu nyingine, hiyo tusichanganye.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa nne asubuhi, uwanjani. Ambaye hatafika atume kwa mwekahazina, namba yake iko kwa grupu ya wazazi, na jina na kiasi kitasomwa kama kawaida. Ukiwa na mtungi wa njano uliopasuka usiutupe, beba. Nguzo pia tunapokea, haswa ya mti unaochipua ukichomekwa. Kimanga na chai vitakuwepo.

Wa pikipiki tafadhali msipitie njia ya nyuma, ule mzinga wenye nyuki hawapendi kelele.