Masharti ya usimbaji yalegezwe zaidi

Mhariri,

Naunga mkono hoja ya makala yenu kwamba serikali ziendelee kulegeza masharti ya kuuza nje teknolojia ya usimbaji wa taarifa, yaani kuzigeuza zisisomeke na asiye na ufunguo wake. Kabla Marekani haijalegeza yake mwaka 2000, programu nyingi zilizoruhusiwa kutoka huko zilikuwa na ufunguo wa biti 40 tu; na kadiri biti zinavyokuwa chache, ndivyo ufunguo unavyovunjwa kwa urahisi. Na mwaka 1998 mashine moja ilivunja hata ule wa biti 56 kwa muda usiofika siku tatu! Walioumia ni wanunuzi wa nje, sisi tukiwemo.

Leo wakala wa Kariakoo akimtumia mteja pesa kwa simu, anategemea usimbaji huohuo. Wizara inayohusika na mawasiliano ilisemee hili kwenye vikao vya kimataifa, na hapa nyumbani isiwabebeshe vijana wanaotengeneza programu mzigo wa vibali vipya.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam