Ripoti ya gesi joto ya kiwanda huanzia kwenye tenki la mafuta

Mwaka ukielekea ukingoni, wateja wa Eneo la Viwanda na Baba Dogo jijini Nairobi, na wa Athi River, hutupigia simu wakiuliza jambo moja: "Kupima moshi ni pesa ngapi?" Kabla ya kutaja bei huwa tunauliza ni ripoti gani inayotakiwa, maana hapo pana mambo mawili yanayochanganywa sana.

Kuna moshi unaomuumiza jirani: vumbi, gesi za salfa na naitrojeni, kaboni monoksaidi. Huo unasimamiwa na Kanuni za Ubora wa Hewa. Hupimwa kwa kifaa kinachoingizwa kwenye bomba la moshi, na kipimo hufanywa na maabara inayotambuliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kazi hii inakwenda sambamba na ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka unaotakiwa na EMCA, sheria ya mazingira ya mwaka 1999, na kanuni zake. Wengi wenu mnaifahamu vizuri.

Halafu kuna gesi joto, zile za mabadiliko ya tabianchi. Hapa bomba la moshi kwa kawaida haliguswi kabisa. Tunachukua mafuta yaliyochomwa na kuyazidisha kwa kiwango kinachojulikana. Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, iwe imechomwa kwenye boila (mtambo wa kuzalisha mvuke) au kwenye jenereta. Kwa hiyo kiwanda kinachochoma lita 10,000 kwa mwezi hutoa karibu tani 324 kwa mwaka. Hesabu yenyewe hata mtoto wa shule ataimaliza. Kinachotutesa ni kujua kama hizo lita 10,000 ni za kweli.

Tukiomba rekodi, mhasibu hutupa faili la risiti. Risiti inasema mlinunua kiasi gani, haisemi mlichoma kiasi gani. Tunahitaji mafuta yaliyokuwemo kwenye tenki mwaka ulipoanza, tujumlishe yaliyonunuliwa, tutoe yaliyobaki mwaka ulipoisha. Na kipimo hicho kwa kawaida hufanywa hivi: mweka stoo huchovya kijiti kwenye tenki, husoma alama, halafu huandika kwa chaki kwenye mlango wa chumba cha boila. Jumatatu mtu wa usafi anapita na kitambaa. Daftari la shilingi mia moja lingetuokolea siku kadhaa za kubahatisha, nanyi mngelipa ada ndogo zaidi.

Lori la mizigo nalo likijazwa dizeli kutoka tenki hilo hilo, liandikwe kando. Mafuta yake yanahesabiwa, lakini chini ya usafiri, si chini ya boila.

Waliohamia kuni au briketi (mabonge ya makapi yaliyoshindiliwa) hutuambia kwamba wao sasa ni sifuri. Si kweli moja kwa moja. Kaboni dayoksaidi ya kuni huripotiwa peke yake, nje ya jumla, ila methani na naitrasi oksaidi zinazotoka kwenye moto huo huo zinaingia kwenye jumla. Kwa hiyo kilo za kuni nazo zipimwe. "Kanta mbili kwa wiki" haitoshi, kwa sababu kanta, yaani lori dogo, ya msambazaji mmoja si sawa na ya mwingine.

Umeme ni habari njema, na watu huiharibu wenyewe. Sehemu kubwa ya umeme wa gridi yetu hutokana na jotoardhi, maji na upepo. Ukichukua kikokotoo cha mtandaoni kilichotengenezwa kwa nchi inayotegemea makaa ya mawe kama Afrika Kusini, bili yako ya Kenya Power itaonekana chafu mara kadhaa zaidi ya ilivyo.

Kinachowashtua wengi ni friji. Vyumba vingi vya baridi hutumia gesi ya kupoza ya R-404A, ambayo kilo moja yake, kwa nguvu ya kuipasha dunia joto, hulingana na takriban kilo 3,943 za kaboni dayoksaidi. Fundi akija kujaza kilo 30 kwa mwaka kwa sababu mfumo unavuja, hizo ni kama tani 118, sawa na kuchoma zaidi ya lita 43,000 za dizeli. Fundi analipwa, anaondoka, na ankara yake imeandikwa "huduma ya friji" bila kilo hata moja. Mwambieni aandike aina ya gesi na uzito wake.

Je, ni nani anayeidai ripoti hii? Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2016, unaidai nchi, si kiwanda chako. Nchi hutoa ripoti yake kila baada ya miaka miwili, na ya kwanza ya mtindo huo ilikuwa na makataa ya 31 Desemba 2024. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 nayo inatoa nafasi ya kampuni binafsi kuwekewa majukumu, na NEMA ndiyo ya kufuatilia utekelezaji. Kwa uzoefu wetu, hata hivyo, anayebisha hodi kwanza ni benki au mnunuzi wa ng'ambo. Wanaouza chuma, alumini, saruji au mbolea Ulaya wajue kwamba ushuru wa kaboni wa mpakani wa Umoja wa Ulaya umeanza rasmi 1 Januari 2026, na mnunuzi wao atataka takwimu za bidhaa yenyewe.

Jambo la mwisho la kiutendaji: baadhi ya kampuni hufunga hesabu Juni, lakini takwimu za gesi joto za nchi hufuata Januari hadi Desemba. Tunapendekeza ripoti yenu ifuate mtindo huo. Kwa hiyo chovyeni kijiti tarehe 31 Desemba, pigeni picha ya mita ya umeme siku hiyo hiyo, mtutumie zote mbili pamoja na ankara za fundi wa friji. Tukizipata kabla ya kuja kiwandani, makadirio ya bei tunayatoa bila malipo.