Tuambie mtoto analilia nini, ndipo uchague kitabu

Wiki haipiti bila simu ya namna hii: "Da, nataka vile vitabu vyenu vya kugusa. Nipe vyote." Vyote ni vitano, na jibu letu humshangaza mteja kila mara, maana ni duka gani linalokataa kuuza? Tunamwambia achukue kimoja. Kisha tunamuuliza swali ambalo wengine hulisikia kama udaku: tangu mtoto aamke mpaka alale, analia saa ngapi, na analilia nini?

Hatuchungulii nyumba za watu. Ni kwamba kila kitabu chetu kinashughulika na jambo moja tu. Kipo cha nazi, cha punda, cha Idi, cha kinyozi, na cha safari ya Mokowe. Kila kimoja kina kurasa sita za kitambaa cha merikani, sentensi moja kila ukurasa, na mfuko wa vitu visivyozidi sita vya kushika, kunusa au kusikiliza. Tunawashonea watoto wenye usonji, wenye mtindio wa ubongo, wasioona, na wale ambao mtaani huitwa tu "wazito" na mambo yakaishia hapo. Mtoto kama huyo ukimletea kitabu kizuri cha jambo asilokutana nalo, atakichana au atakikalia. Lakini jambo linalomtisha kila Jumamosi, hilo ana kazi nalo.

Mfano ni hicho cha Mokowe, ambacho mwanzo hatukuwa na nia ya kukitengeneza.

Alikuja mama mmoja wa Langoni na kijana wake wa miaka minane, asiyesema. Kutoka hapa kisiwani Lamu, ukitaka basi la Malindi au Mombasa, lazima uvuke kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara. Kijana yule haogopi bahari hata kidogo. Ukimwacha ataoga mpaka magharibi. Alichokuwa hakiwezi ni jaketi la kuokolea maisha. Ukosi unamsugua shingo, mkanda unavutwa kwa nyuma na mtu asiyemwona, kifungo cha plastiki kinalia kachu karibu na sikio, na juu ya hayo kuna harufu ya petroli na unyevu wa watu mia waliolivaa kabla yake. Nahodha naye hang'oi mpaka abiria wote wamevaa, na ana haki. Basi boti nzima inamtazama mama, na hakosekani mzee wa kusema mtoto huyu hakufunzwa adabu. Mara mbili mama yule alirudi nyumbani na mizigo yake.

Tulinunua jaketi bovu kwa mtu wa boti. Kosa la kwanza, tulilifua. Lilipokauka tukagundua tumeosha nusu ya kitabu, kwani ile harufu ndiyo iliyokuwa ikimkimbiza. Tukalirudisha likalale siku nne ndani ya boti, watu wakitucheka.

Ukurasa wa kwanza: "Tunashuka gatini." Kipande cha kamba nene, ile ya kufungia boti. Wa pili: "Boti inacheza." Chupa ya maji iliyozibwa kwa gundi, ya kutikisa. Wa tatu: "Tunavaa jaketi." Kitambaa chenyewe cha jaketi, kipana cha kutosha kuweka begani. Wa nne: "Kachu!" Kifungo chake, cha kubana na kubandua. Wa tano: "Boti inanguruma." Hapa hakuna kitu mfukoni; mtoto anaweka kiganja kifuani kwako na wewe unanguruma. Wa sita: "Tumefika Mokowe." Kitambaa kikavu cha kufuta uso, kwa sababu mawimbi humrushia kila mtu.

Wiki ya kwanza ukurasa wa tatu ulitupwa uani. Wiki ya tatu kijana alikuwa akibana na kubandua mwenyewe, kachu, kachu, kachu, mpaka baba yake akaomba kitabu kipumzike. Siku ya safari alilia. Lakini alilia akiwa amevaa, na boti ikaondoka.

Wazo la kumsimulia mtoto jambo kabla halijamfika si letu. Carol Gray, mwalimu wa Marekani, alianza kuwaandikia wanafunzi wenye usonji visa vifupi vya aina hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na walimu wengi duniani wakamfuata. Sisi tumetia vitu vya kushika tu, kwa ajili ya watoto ambao maneno peke yake hayawafikii.

Sasa namna ya kusoma, maana hapa ndipo pesa za wateja hupotea. Wazazi hukisoma kama wanavyomsomea mtoto mwingine: kwa haraka, kwa maneno mengi, na maswali juu yake. "Hii ni nini? Eh? Sema. Sema kamba." Tafadhali, acha. Soma sentensi ileile, kwa maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, kila siku. Toa kitu kimoja, vingine vibaki mfukoni. Ukishatoa, nyamaza na uhesabu moja hadi kumi moyoni. Kumi ni ndefu kuliko unavyodhani. Kuna watoto ambao sauti yako inawafika, lakini jibu linachukua muda kutoka, na ukiongeza neno katikati umewarudisha mwanzo.

Usimshike mkono ukaubandika kwenye kitu. Walimu wa watoto wasioona na wasiosikia hufanya kinyume: mkono wako unakuwa chini, wa mtoto unakaa juu yako, na wewe ndiye unayegusa kwanza. Akitaka kujitoa anajitoa. Mtoto anayejua anaweza kujitoa hurudi mwenyewe.

Dakika tatu zinatosha. Rudia kesho. Wateja hutupigia siku ya tano wakisema mtoto amechoshwa na kitabu. Tukiwauliza vizuri, aliyechoshwa ni mama.

Kitabu cha Nazi ndicho ninachokishona kwa raha zaidi, kwa sababu mti mmoja umetupa kila kitu. Kuna kipande cha kumbi cha kukwaruza. Kuna kifuu kilichosuguliwa kwa msasa mpaka kikawa laini, ambacho ni baridi ukikiweka shavuni asubuhi. Vifuu viwili vya kugonganisha (hivyohivyo tunavitumia katika kitabu cha Punda, ndiyo kwato zake zikipita kichochoroni). Kamba ya usumba. Njukuti za ufagio zilizofungwa ncha kwa kitambaa, za kutekenya nyayo. Kitu cha sita ni kifuko kinachouzwa kitupu. Siku unayokuna nazi, chukua chicha iliyokwisha kukamuliwa, bado ina joto la mikono yako, uitie humo, kisha uitupe mkimaliza. Zamani tuliweka nazi kavu. Kwa unyevu wa hapa ilivunda baada ya wiki mbili, na mteja mmoja wa Shela aliturudishia kitabu kwa vidole viwili.

Kitabu hiki ni cha watoto wanaotoroka jikoni. Wapo wengi kuliko mnavyofikiri. Sauti ya mbuzi ya kukunia inaingia masikioni mwao kama msumeno, na mama anadhani mtoto ni mvivu au anamdharau. Anza na vifuu, mbuzi ibaki chumba cha pili.

Jambo jingine ni maneno. Shuleni ni "maji", nyumbani ni "mai". Shuleni "njia", bibi yake asema "ndia". Mtoto mwingine huruka kati ya hayo bila kujua kuwa ameruka. Mtoto aliyepata neno moja kwa miaka mitatu haruki. Hivyo tunakuuliza nyumbani mnasemaje, na ndivyo tunavyodarizi. Mwalimu mmoja alilalamika kuwa tunawafundisha Kiswahili kibovu. Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, si kibovu, mwalimu, ila ukitaka nakala ya darasani yenye Kiswahili cha shule tunakushonea, bei ni ileile.

Walimu nao wana neno lao la kusikia. Mtaala wa sasa wa Kenya unawapa wanafunzi wasiofuata njia ya kawaida hatua zao wenyewe, na shughuli za maisha ya kila siku pamoja na kuoanisha hisi na misuli ni sehemu ya masomo yao ya awali. Kwa hiyo kukuna nazi darasani si kupoteza kipindi. Lakini msiagize kitabu kimoja kwa wanafunzi wanane mkavipitisha vitu mkono kwa mkono. Wa nane atakuwa ameondoka. Agizeni kitabu kimoja na mifuko minane.

Makosa yetu mengine nitayataja upesi ili msiyarudie mkishona wenyewe, na shoneni, si siri. Vifungo vya chuma hushika kutu kwa hewa ya chumvi ndani ya miezi michache. Tumia vya mbao au vya kifuu. Karatasi iliyofunikwa kwa plastiki ya moto huachana pembeni na kuingia ukungu. Mchele na maharagwe ndani ya vifuko hupata fukusi, na maharagwe mekundu mabichi yana sumu ikiwa mtoto atayatafuna. Velkro hujaa mchanga (isafishe kwa kitana kizee), na ule mchaniko wake ni adha kwa baadhi ya masikio.

Kwa usalama tuna kipimo chetu: kikombe cha kahawa, kile kidogo cha barazani. Chochote kinachoingia humo hakiingii mfukoni. Mitungi ya kupimia vitu vya kuchezea vya watoto wa chini ya miaka mitatu viwandani ina kipenyo cha milimita 31.7, lakini watoto tunaowashonea ni wakubwa kuliko hao na bado hutia vitu mdomoni, kwa hiyo sisi tumeongeza nafasi. Hatutumii sumaku wala betri bapa ndogo. Taa za kumetameta nazo hatutumii, kwa sababu ya watoto wenye kifafa. Mtoto asiachwe peke yake na mfuko.

Kitabu hiki si dawa. Hakitamfanya asiyesema aseme, na anayekuuzia kitu cha namna hiyo kwa ahadi hiyo, mwogope. Nadharia ya kwamba ubongo wa baadhi ya watoto hupata shida kupanga habari za ngozi, sikio na mizani ya mwili ilienezwa na A. Jean Ayres, Mmarekani wa tiba kwa vitendo, na mpaka leo wataalamu wanabishana ni kiasi gani tiba iliyotokana nayo inasaidia. Dai letu ni dogo kuliko hilo: jambo lililozoeleka mikononi halitishi kama mwanzo. Ikiwa mtoto hajawahi kuangaliwa na mtu wa kazi hiyo, anza na kituo cha EARC, mojawapo ya vituo ambavyo serikali ilianza kuvifungua mwaka 1984 kwa ajili ya kutathmini watoto na kuwaelekeza shule. Uliza kwenye ofisi ya elimu. Njoo kwetu baadaye, hatuhami.

Kitabu kimoja ni shilingi 3,200 na huchukua siku sita, kumi ikiwa ni Ramadhani. Ukurasa ukichanika tunaushona bure mwaka mzima. Kitabu kilichochanika hatukioni kama hasara, kwani maana yake kimetumika. Kitu kimoja kikipotea usilipie mfuko mzima, tuambie ni kipi.

Nasi tuna ombi. Ukija kuagiza kitabu cha Idi, tuletee kipande cha leso kuukuu ya mtu anayemlea mtoto, awe mama au bibi. Ukurasa wa kwanza unaanza na mtu anayemwamsha, na kila nyumba ina harufu yake, moja ya udi, nyingine ya asumini, nyingine ya samaki wa kukaanga. Leso hiyo usiifue.