Injini ya hewa moto inakula moto, si hewa ya bure

Mhariri,

Hii video inayozunguka WhatsApp hapa Kisumu ya jamaa eti ana injini ya kutumia hewa tupu bila mafuta, tafadhali iandikeni kabla watu hawajatuma pesa, maana nasikia dipositi tayari inaitishwa. Injini ya hewa moto ipo kweli na si uchawi, lakini lazima uiwashie moto.

Hewa inafungiwa ndani, haitoki. Upande mmoja unachomwa, mwingine unapozwa. Hewa ikienda kwa moto inatanuka inasukuma pistoni, ikirudi kwa baridi inanywea pistoni inarudi, flaiwili, lile gurudumu zito, inazunguka. Kinachoihamisha huku na huku kinaitwa displesa, hakibani kuta na kinatangulia pistoni kwa robo mzunguko. Robert Stirling, mhubiri wa Scotland, aliipatia patenti 1816, na ujanja wake mkubwa ni kile kitu cha katikati ya upande wa moto na wa baridi kinachoshika joto hewa ikienda kupoa, halafu kinairudishia ikigeuka. Bila hicho unamaliza kuni nyingi kwa kazi kidogo. 1818 injini yake ilikuwa inavuta maji kwa machimbo ya mawe huko Ayrshire.

Fundi wa Kibuye anaweza kukuundia ndogo: mkebe wa soda, stilwuli ya kusugulia sufuria iwe displesa, mpira wa baluni mahali pa pistoni, spoku ya baiskeli ikunjwe iwe krenki. Weka mshumaa chini na maji baridi juu, sukuma flaiwili na kidole kwa sababu haijianzishi. Sasa ngoja hayo maji yapate moto. Inazubaa, inasimama, na mshumaa bado unawaka! Nguvu yote iko kwa tofauti kati ya moto na baridi, kwa hivyo huyo jamaa aulizwe moto wake uko wapi na baridi iko wapi.

Moto huku kwetu si shida, magunzi yamejaa Kitale na makapi ya miwa Muhoroni, na sababu moto unakaa nje, injini haijali unachoma nini. Ubaya wake ni mzito kwa nguvu kidogo, usitarajie iendeshe matatu. Lakini pampu ya shamba inakaa pahali pamoja na haina haraka, tena maji inayovuta ndiyo yanaipoza. Marekani walizitumia zamani kwa kazi hiyo hiyo.

Kama kuna chuo cha ufundi Nyanza au Western kimeunda ya saizi ya pampu, tuandikieni bei.

Msomaji, Kondele